Shoti na Moyo: Volti Pekee Hazipimi Hatari

Ubishi huu hauishi hosteli: Taser, ile silaha ya shoti ya polisi wa Marekani, inasemwa ina volti 50,000, na wengi wanaopigwa nayo huinuka. Mbona soketi ya volti 230 inaua?

Volti ndizo zinazousukuma umeme. Kinachoamua hatima ya moyo ni ukubwa wa mkondo unaopita mwilini, njia yake na muda wake. Umeme wa gridi, uwe umetoka kituo cha Hale wilayani Korogwe, kinachotumia maji ya Mto Pangani tangu 1964, au kwingineko, una mizunguko 50 kwa sekunde. Miliampea 10 hadi 20 zinaweza kukaza misuli ya mkono ukashindwa kuachia waya. Miliampea 100 hivi zikipita kifuani kwa sekunde kadhaa, moyo unaweza kutetemeka tu badala ya kusukuma damu.

Taser ni tofauti. Zile volti 50,000 ni za kurukisha cheche hewani. Mwilini hufika kama 1,200, kwa mishtuo karibu 19 kwa sekunde, kila mmoja ukidumu takribani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Hiyo inatosha kukaza misuli, ila kwa kawaida haivurugi moyo. Lakini "kwa kawaida" si "kamwe". Mwaka 2009 mtengenezaji mwenyewe alishauri polisi wasilenge kifua. Mwaka 2012 daktari wa moyo Douglas Zipes alichapisha visa 8 vya watu waliozimia baada ya shoti ya kifuani. Wengi wao walifariki. Wapo wataalamu waliompinga.

Wengi wetu hatutakutana na Taser. Tutakutana na pasi iliyochubuka waya, geto au nyumbani Handeni, ambako huwezi kutegemea mashine ya kushtua moyo kufika kwa dakika chache. Kwa hiyo jamani, mtu akinaswa usimshike: zima meni swichi kwanza. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali, waite TANESCO. Akiwa hapumui, ita msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kusita.

Na fundi akija, muulize kama nyumba ina kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kama hakuna, mwambieni mwenye nyumba.