Joto, Ganda na Mvinyo Mwekundu

Anayetoka Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, akashuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze bondeni, hupita kutoka hali moja ya hewa kwenda nyingine katika safari moja fupi. Juu, uwanda wa Ufipa una mwinuko wa karibu mita 1,800, na jioni za Juni na Julai haziendeki bila sweta. Chini, bonde la Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya juu na chini kuna tofauti ya nyuzi 6 au 7. Nyuzi hizo zinatosha kabisa kugeuza tabia ya tunda. Tofauti kama hiyo ndiyo inayotenga mvinyo mwepesi wenye uchachu na mvinyo mzito, wenye nguvu, unaojaza kinywa ladha ya tunda lililoiva. Anayeupenda huo wa pili na anataka kuchagua chupa ya Ulaya, ajifunze joto kwanza, lebo itafuata.

Chukua punje moja ya zabibu. Ikiwa changa ni ya kijani, ngumu na chachu mno. Majani ya mzabibu hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na punje inapoanza kuiva sukari hiyo humiminika ndani yake. Wakati huohuo asidi zinapungua. Zilizo nyingi ni mbili: asidi ya tartari, ambayo hustahimili joto, na asidi ya maliki, ambayo ndiyo inayolipa tofaa bichi ukali wake. Punje hai hupumua, na katika kupumua huiteketeza asidi ya maliki. Joto likipanda, upumuaji huongezeka na asidi huisha upesi. Usiku ukiwa wa baridi, kazi hiyo hupungua. Harufu nazo hufuata mkondo huo. Katika nchi ya baridi zabibu hubaki na harufu ya matunda mekundu machachu, na aina kama Cabernet Sauvignon huweza kunuka pilipili hoho mbichi. Katika nchi ya jua kali harufu huelekea kwenye plamu iliyoiva na zabibu kavu.

Sukari ikishaingia, inasubiri hamira. Wafipa wanaopika pombe ya ulezi wanajua kwamba ulezi hauchachuki vizuri hivihivi: huloweshwa, ukaota, ukawa kimea. Sababu ni kwamba hamira haiwezi kula wanga, na punje inayoota huzalisha vimeng'enya vya kuuvunja wanga huo uwe sukari. Zabibu haihitaji kimea, kwa kuwa sukari yake iko tayari ndani ya maji ya tunda. Hamira hula sukari, ikatoa kilevi na kaboni dioksidi. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Maji ya zabibu yenye gramu 240 kwa lita hufika karibu asilimia 14. Kwa hiyo namba ya kilevi kwenye chupa, ambayo Umoja wa Ulaya unalazimisha iandikwe, inakueleza pia jinsi zabibu zilivyoiva. Asilimia 12.5 ni dalili ya mvinyo mwepesi. Kuanzia 14 kwenda juu, tarajia uzito kinywani na joto kooni.

Uzito huo hauletwi na kilevi peke yake. Kamua zabibu nyekundu na utaona kwamba, karibu katika aina zote, maji yake hayana rangi. Rangi imo kwenye ganda, pamoja na sehemu kubwa ya tanini. Ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa, kama majani ya chai yanavyoachwa kwenye maji ya moto: kadiri yanavyokaa ndivyo rangi inavyokolea na ukakasi unavyoongezeka. Ukakasi huo hutokea tanini zinaposhikana na protini za mate, ulimi ukapoteza utelezi wake. Zabibu yenye ganda nene, kama Monastrell au Syrah, ina mengi ya kutoa. Pinot Noir ina ganda jembamba, hata ikitunzwa vipi.

Sasa jambo linalowapoteza wanunuzi wengi. Mvinyo mwingi unaonywewa kwetu, ukiwemo wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ni mtamu kwa sababu una sukari. Mtu aliyeuzoea akifungua chupa kavu ya Ulaya, yaani isiyo na utamu wa sukari, husema haina tunda. Lakini sukari hutambuliwa na ulimi, na tunda hutambuliwa na pua, kwa harufu zinazopanda kutoka nyuma ya kinywa. Ziba pua, kunywa funda moja, kisha iachie: tunda litajitokeza ghafla, na sukari haijaongezwa hata chembe. Mvinyo unaweza kuwa mkavu kabisa na bado ukajaa tunda. Huo ndio wa kutafuta.

Tufungue ramani. Bourgogne ya Ufaransa iko karibu nyuzi 47 kaskazini mwa Ikweta, Bordeaux karibu 45. Teremka hadi kati ya 37 na 42. Hapo kuna Jumilla ya Hispania na Monastrell yake, nzito na nyeusi. Kuna Alentejo ya Ureno. Kuna Puglia, kisigino cha Italia, inakotoka Primitivo, zabibu ileile ambayo Wamarekani huiita Zinfandel. Mimi ningemwanzisha mtu na Garnacha ya Calatayud, Hispania. Mchana wa huko ni mkali na sukari hupanda, lakini mashamba yako juu, mengine yakizidi mita 800, hivyo usiku wa baridi huokoa asidi na tunda halichoshi. Tena jina la Calatayud halina umaarufu wa Bordeaux, na bei kwa kawaida hulingana na hali hiyo.

Latitudo haitoshi, na mtu wa Ufipa hahitaji kushawishiwa sana katika hilo. Sicilia ni kisiwa kimoja, lakini Nero d'Avola ya maeneo ya chini yenye joto ni nzito, na Nerello Mascalese ya miteremko ya mlima Etna, kwenye mashamba yanayofika mita 1,000, ina rangi hafifu na uchachu ulio wazi. Aina ya zabibu ina sehemu yake, na mwinuko una sehemu yake. Lebo za Ulaya hutaja mahali mara nyingi kuliko zabibu. Ukipajua mahali, uliza pia mwinuko wake.

Karibu na Verona, kwenye nyuzi 45 hivi, watu wa Valpolicella wamepata njia nyingine. Jua lao halitoshi kutoa mvinyo mzito, basi wanavuna zabibu na kuzianika ghalani kwa miezi mitatu au zaidi. Maji hupotea, uzito hupungua kwa theluthi au hata zaidi, na sukari iliyobaki hukolea. Mvinyo unaotoka humo huitwa Amarone, na kwa sheria haushuki chini ya asilimia 14 ya kilevi. Ni ghali, kwa sababu zabibu nyingi huishia kwenye chupa chache.

Ukishanunua, angalia kipimajoto. Mvinyo wa namna hii unafaa kwenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Sumbawanga mwezi Julai inakaribia hapo bila msaada, lakini Mpanda au Dar es Salaam uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Ukiwa wa vuguvugu, kilevi huvukia kwa wingi na kulifunika tunda ulilolilipia. Na ukiona ukakasi umezidi, leta nyama: tanini zitashikana na protini za nyama badala ya zile za mate, na funda linalofuata litapita laini.