Chakula Alichobakiza Ruthu

Somo: Ruthu 1:19 hadi 2:20

Naomi alirudi Bethlehemu bila mume na bila wanawe wawili. Akataka aitwe Mara, yaani uchungu. Hakuacha kuamini kwamba Mungu yupo. Aliona tu kwamba Mungu amegeuka kuwa kinyume naye.

Sasa mwangalie Ruthu. Hakumhubiria mama mkwe wake. Alienda shambani kwa Boazi kuokota masazo ya shayiri mpaka jioni, akapata kama efa moja. Mchana alipewa bisi, akala akashiba, zilizobaki akaziweka. Jioni akampelekea Naomi (2:18).

Ndipo Naomi akafungua kinywa na kukiri kwamba wema wa Bwana haujawaacha (2:20). Mume hajafufuka, wana hawajarudi. Kilichobadilika ni siku moja ya jasho na chakula kilichobakizwa kwa upendo.

Kwenye ploti yenu kuna Mara. Wiki hii, kabla hujamwambia aombe, mpelekee unga, keti naye. Imani yake yaweza kurudi kupitia mkono wako.

Swali la kundi la nyumbani: Wewe umembakizia nani?