Kulala na Kulaza katika Kiingereza

Wengi wetu tuandikapo Kiingereza twajikwaa katika maneno mawili yaliyo jirani: “lie” na “lay”. Kosa ni dogo kwa jicho, lakini laweza kumharibia mtu jina. Tuseme karani aliugua, naye ampelekea mkubwa wake barua ya kueleza kwamba alilala kitandani majuma matatu. Akiandika “I lied in bed for three weeks”, amekiri kwa mkono wake kwamba alisema uongo kitandani majuma matatu! Ilimpasa kuandika “I lay”.

Basi tuanze na lugha yetu, maana ndiyo itakayotufungulia mlango. Sisi twasema mtoto alala, na mama amlaza mtoto, wala hakuna achanganyaye. Kulala ni tendo la mtu mwenyewe. Kulaza hutaka mtendwa. Kiingereza nacho kina jozi za namna hii:

1. “Lie” ni kulala, yaani kujinyosha. Usingizi ni “sleep”. “Lay” ni kulaza, au kuweka kitu chini.
2. “Sit” ni kuketi. “Set” ni kuweka.
3. “Rise” ni kuinuka. “Raise” ni kuinua.
4. “Fall” ni kuanguka. “Fell” ni kuangusha, kama mti kwa shoka.

Kijerumani, nduguye Kiingereza, chafuata njia iyo hiyo: “liegen” ni kulala, “legen” ni kulaza.

Shida yatoka katika wakati uliopita. “Lie” hugeuka kuwa “lay”, na baada ya “have” huwa “lain”. “Lay” hugeuka kuwa “laid”, na baada ya “have” ni “laid” vilevile. Hivyo “lay” lina kazi mbili: kwa leo ni kulaza, kwa jana ni kulala. Tena liko “lie” jingine, la kusema uongo. Hilo ndilo ligeukalo kuwa “lied”. Si ajabu kwamba hata Waingereza wenyewe hukosea hapa.

Kwa hiyo, tukieleza jambo la jana, tujiulize kwanza: yuko alazwaye? Akiwapo, tuandike “The mother laid the child on the mat”. Asipokuwapo, tuandike “The child lay on the mat”.

Zoezi. Fasirini kwa Kiingereza: (a) Jana mbwa alilala mlangoni. (b) Mzee ameweka fimbo yake mezani. (c) Mgonjwa amelala kitandani tangu asubuhi.

Majibu ya vitenzi: (a) “lay”, (b) “has laid”, (c) “has lain”.