Somo la Ufugaji: Tundu la Kurukia la Njiwa Wageni

Mtu akinunua njiwa katika soko la Machakos, akawachukua hadi shambani kwake kule Mua, kisha akawafungulia siku ya pili, asishangae kuona paa tupu jioni. Njiwa aliyekomaa hujua kwao, na maili kumi au ishirini si mwendo kwake. Hapo muuzaji amebaki na fedha, na njiwa pia.

Kwa sababu hiyo wafugaji huwafunga njiwa wageni kwa majuma manne hadi sita kabla ya kuwaachilia. Jambo hilo ni sawa. Lisilo sawa ni kuwafungia katika sanduku la chai au kikapu gizani. Njiwa akikaa hivyo mwezi mzima, nyama ya kifua hupungua na mabawa hulegea. Tena haoni nje, basi hajifunzi mahali alipo. Siku ya kufunguliwa huruka vibaya, na mwewe huwa wa kwanza kumpata. Kwa hiyo tundu la njiwa mgeni lina kazi mbili: aweze kuruka, na aweze kuona nchi yake mpya. Somo la mwezi huu ni jinsi ya kulijenga ndani ya stoo, ambamo paka, nyoka na mwizi hawamfikii kwa urahisi.

Kwanza pima ndege mwenyewe. Njiwa akitandaza mabawa hufikia futi 2 na zaidi kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine. Basi tundu la upana wa futi 2 ni jela, hata likiwa refu kama mnara. Njiwa huruka kwenda mbele; anahitaji urefu wa kwenda mbele kuliko wa kwenda juu. Kware si hivyo. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2013 na 2014, watu walipokimbilia kufuga kware, bei ya mayai ikapanda halafu ikaanguka. Waliowafuga waliona jinsi kware akishtuka anavyopaa wima na kugonga kichwa juu. Kila ndege na tundu lake.

Kwa jozi tatu za njiwa, tundu la urefu wa futi 10, upana wa futi 4 na kimo cha futi 6 latosha. Lijenge katika pembe ya chumba yenye dirisha, ili kuta mbili za nyumba ziwe kuta za tundu. Hivyo wabakiwa na kazi ya upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi, na dari. Mbao za inchi 2 kwa 2 zitakazotumika ni kama futi 105. Za mgrevilea uliopandwa kwenye kingo za matuta zafaa kabisa, mradi zimekauka. Ubao wa chini usiguse udongo. Uweke juu ya mawe au matofali, maana mchwa hangoji kualikwa.

Waya wa upana wa futi 3, nunua mita 15. Upande mrefu utachukua vipande viwili vya futi 10, upande mfupi vipande viwili vya futi 4, dari vipande vinne vya futi 4, na kingine cha futi 3 ni cha dirisha. Panga mbao zako ili kila mahali vipande viwili vinapokutana pawe na ubao wa kupigilia. Waya wa kuku wenye matundu makubwa humzuia njiwa, lakini haumzuii panya wala shomoro, na hao ndio waletao magonjwa na kumaliza chakula. Kama una mabaki mazuri ya waya wa meza za kuanikia kahawa, tumia hayo kwa futi 3 za chini. Ukimaliza kukata, fagia sakafu mara mbili. Njiwa humeza changarawe ili kusagia nafaka tumboni, na hawezi kutofautisha changarawe na kipande cha waya au msumari mdogo.

Mlango uweke upande mfupi, upana futi 2 na kimo futi 3 tu. Utainama kuingia, ndiyo, lakini ndege akishtuka hukimbilia juu, si chini, na mlango mfupi hukuokoa na kazi ya kumfukuza njiwa darini kwa nusu saa. Vituo vya kukalia viwe mbao za upana wa inchi 6, moja kila mwisho wa tundu, kwa kimo cha futi 4. Katikati usiweke kitu chochote. Wengine hujaza vijiti kila mahali kwa huruma, na matokeo yake njiwa huruka-ruka kama kuku badala ya kupiga mabawa.

Tundu lisiwe jikoni wala karibu na jiko la makaa. Mapafu ya ndege hushikwa na hewa mbaya mapema kuliko yetu. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka migodini na ndege wadogo tunduni mpaka miaka ya 1980. Wala lisiwe katika chumba cha kulala watoto. Vumbi la manyoya na mavi ya njiwa huumiza kifua cha binadamu, hasa likivutwa siku nyingi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na funga kitambaa puani. Nafaka ya nyumbani pia isiwekwe chumba hicho.

Kwa chakula, njiwa mmoja hula kama gramu 30 kwa siku: mtama, wimbi, mahindi yaliyovunjwa, kunde, na mbaazi, ambazo Waingereza waliziita kwa jina la njiwa. Lakini mahindi yaliyoota ukungu usimpe, ukidhani hayo ni ya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula cha karanga chenye sumu ya ukungu. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, majirani zetu. Yafukie mahindi hayo.

Majuma hayo ya kufungwa yanakinga kuku wako vilevile. Njiwa aweza kuwa na kideri. Ukiona shingo imepinda, au ndege anazunguka na kukosa punje anapodonoa, usimwachie. Mwite Afisa wa Mifugo. Hudumia kuku kwanza, njiwa wageni baadaye.

Neno moja juu ya sheria. Njiwa wa kufugwa ni wako. Tetere, kasuku au ndege mwingine wa porini hafungwi tunduni bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, kwa Sheria ya mwaka 2013.

Siku ya kuwafungulia ikifika, wasile asubuhi. Saa kumi na moja jioni fungua waya wa dirisha, usiwafukuze, waache watoke wenyewe. Kabla jua halijatua tikisa mkebe wa mtama, ule ule waliouzoea kila siku. Wenye njaa hurudi. Watoe jozi moja kwanza, wengine wabaki ndani kuwaita.

Wapo wakubwa ambao kila wakitoka hushika njia ya kwao. Hao waache tunduni wazalie humo. Makinda yao yakianza kula yenyewe, yapitishe dirishani. Hayo hayana kwao kwingine.