Bata Bukini Mkali na Namna ya Kumpita

Katika mwambao wa Kilifi na Malindi njia nyingi za miguu hazifuati barabara. Hupita kati ya minazi na mikorosho, zikakata pembezoni mwa nyua za watu, na mwenda njia hupiga hodi angali akitembea ili wenye nyumba wapate kujua kwamba anapita. Mara nyingi aitikiaye wa kwanza ni mbwa, na la kufanya mbele ya mbwa kila mtu amefundishwa tangu utotoni. Lakini katika nyua chache aitikiaye ni ndege mkubwa, mweupe au wa rangi ya kijivu, mwenye shingo ndefu, ambaye huja mbio, shingo ameinamisha na mdomo wazi, akitoa pumzi kali kama nyoka. Huyo ni bata bukini. Mbele yake watu wengi hawajui la kufanya: wengine hucheka, wengine hukimbia, na wale wanaokimbia ndio wanaoumia zaidi.

Inafaa kwanza kumtambua, maana jina la bata huitiwa ndege wengi. Bata waliozoeleka vijijini, wale wenye uso mwekundu uliojaa vinundu, asili yao ni Amerika. Nao pia hutoa pumzi badala ya kulia, lakini si wagomvi sana kwa watu. Bata mzinga naye ni ndege mbali kabisa. Bata bukini ana shingo ndefu kuliko hao wote, na uzito wake huanzia kilo 4 hivi hadi kufika 10, kwa kadiri ya mbegu yake. Bukini ni jina la zamani ambalo Waswahili waliiita Madagaska, ila huko siko kwao ndege huyu. Bata bukini wa kufugwa wametokana na bata mwitu wa Ulaya na wa Asia.

SABABU YA UKALI WAKE

Ukali wa bata bukini si uovu, wala si kichaa. Dume huchagua jike na kukaa naye muda mrefu, aghalabu maisha yao yote. Jike akisha kutaga huatamia mayai kwa siku 28 hadi 30, naye huondoka kiotani kwa muda mfupi tu ili ale, anywe maji na kuoga. Dume haatamii. Kazi yake siku hizo zote ni ulinzi, na ulinzi huo huendelea baada ya vifaranga kutoka. Humwona kila apitaye kuwa amekuja kwa ajili ya mayai au watoto wake, na kwa kuwa wezi wa mayai ni wengi, kuanzia kenge hata nguchiro, hatuwezi kusema kwamba hana haki ya kushuku.

Jambo la pili ni mpaka. Bata bukini hujiwekea eneo lake na kulikariri. Hana hati ya ardhi, lakini mpaka wake anaujua kuliko watu wengi wenye hati. Mtu akipita nje ya mpaka huo, ndege atamtazama na kupiga kelele. Akiukanyaga, ndege atakuja. Kwa hiyo mara nyingi hatua kumi za kurudi nyuma hutosha kumaliza ugomvi wote.

Kwa sababu ya tabia hiyo watu wa nchi nyingi wamemtumia kuwa mlinzi. Waandishi wa Roma ya kale husimulia kwamba mwaka 390 hivi kabla ya Kristo, adui walipopanda kilima cha Capitolium usiku, mbwa hawakubweka bali bata bukini wa hekalu ndio waliowaamsha askari. Huko Dumbarton katika Scotland, kampuni ya Ballantine's ilifuga kundi la bata bukini walinde maghala yake ya pombe tangu mwaka 1959 hata mwaka 2012. Ndege huyu husikia na kuona vizuri, hulala usingizi mwepesi, wala hahongeki kwa kipande cha nyama. Basi mwenye shamba anayemfuga kwa ulinzi hakukosea hesabu yake. Shida ni kwamba mlinzi huyu hawezi kupambanua mwizi na mtoto aliyetumwa dukani kununua sukari.

Wako watu wanaodhani kwamba bata bukini aliyelelewa na watoto nyumbani, akala mikononi mwao, atakuwa mpole zaidi. Mara nyingi huwa kinyume. Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba kifaranga cha bata bukini humfuata yule amwonaye kwanza atokapo yaini, na kumhesabu kuwa mzazi wake. Vifaranga vilimfuata yeye mwenyewe njiani kama mama yao. Dume aliyelelewa hivyo akikua huwa hana hofu ya wanadamu. Awapo na jike hushindana na watu kama ambavyo angeshindana na madume wenziwe, na kwa kuwa hawaogopi, husogea karibu mno kabla ya kusita.

DALILI, NA LA KUFANYA

Bata bukini hashambulii bila kutoa onyo. Kwanza huinua shingo juu, akasimama kimya au kupiga kelele moja mbili. Hapo ameona mtu, basi. Kisha huinamisha shingo, akainyoosha mbele sambamba na ardhi, na kutoa ile pumzi. Manyoya ya shingo hutetemeka kama yaliyopigwa na upepo. Akifikia kufungua mbawa na kupiga hatua za haraka, amekwisha kukata shauri. Hata hivyo, mbio nyingi za namna hiyo ni za kutisha tu. Ndege hufika hatua chache mbele ya mtu, akasimama, akatazama kama mtu huyo ameondoka.

Katika dakika hiyo mtu na asimame. Asigeuke kumpa mgongo na asikimbie, kwa maana anayekimbia humthibitishia ndege kwamba ameshinda, naye humfuata na kumuuma nyuma ya miguu. Mtu amwelekee ndege uso kwa uso, anyamaze au aseme kwa sauti ya chini, kisha arudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, akitupa jicho nyuma asije akajikwaa. Ikiwa kuna kichaka au ukuta, aelekee upande mpaka kitu hicho kiwe kati yao. Mwenye baiskeli na ashuke, aishike upande wa ndege kama ngao. Kikapu, ndoo tupu, mwavuli, mfuko wa vitabu, vyote vyafaa kwa kazi hiyo. Mzee mwenye mkongojo aunyooshe chini mbele yake, si kwa kupiga, bali ndege apate kitu cha kuuma kisicho na damu.

Akishika nguo, leso au kikoi, mtu asivutane naye. Amsukume kifuani kwa kikapu au kwa mguu, bila teke, naye ataachia. Akiruka usawa wa uso, mtu ainamishe kichwa, akinge macho kwa mikono miwili, na kuendelea kwenda zake. Kupiga mawe hakufai. Ndege huyu hukumbuka, na jiwe la kijana wa leo hulipwa na bibi kizee apitaye kesho. Kumtupia chakula ili anyamaze nako hakufai, kwa kuwa hujifunza upesi kwamba kila apitaye ana deni la chakula, akawa anawakimbilia wote.

Watoto wadogo ndio wa kuangaliwa zaidi ya wote. Bata bukini akiinua shingo, mdomo wake hufikia uso wa mtoto wa miaka mitatu au minne, na mtoto huyo hajui lolote isipokuwa kupiga yowe na kukimbia. Mtu mzima amwinue mara moja, au amweke nyuma yake. Watoto wa shule wafundishwe neno moja tu, tena kabla ya siku ya kukutana na ndege, si siku hiyo. Mwenyeji anayepaza sauti kutoka barazani, "Simama, mwanangu, usikimbie!" amechelewa ikiwa mtoto hajapata kusikia neno hilo nyumbani kwao.

AKISHA KUUMA

Kingo za mdomo wa bata bukini zina vijino kama vya msumeno, alivyopewa kukatia majani. Huuma na kusokota, na mara nyingi huacha alama nyekundu na uvimbe, mara chache jeraha. Mbawa zake nazo zina mfupa mgumu penye kiungo, na pigo lake huumiza. Lakini madhara makubwa hayatoki mdomoni wala ubawani. Hutokana na kuanguka. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, au mzee ambaye mifupa yake imekwisha kudhoofu, akishtuka na kuanguka juu ya ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, aweza kuvunjika nyonga kwa ajili ya ndege ambaye hata hakumgusa.

Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha libanwe kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike. Lisipakwe udongo, majivu wala mafuta ya taa. Ngozi ikiwa imekatika, mtu aende zahanati akaulize juu ya sindano ya pepopunda, hasa kama ni miaka mingi tangu achanjwe. Aliyeumizwa jicho asingoje kesho, na aliyeanguka akashindwa kusimama asiinuliwe kwa nguvu, bali atafutiwe gari ampeleke hospitali. Kichaa cha mbwa hakitoki kwa ndege, maana ni ugonjwa wa wanyama wanyonyeshao, kwa hiyo hofu hiyo iondolewe. Kinyesi chao, lakini, hubeba vijidudu vya kuharisha, na mtoto aliyecheza uwanjani mwao hapana budi anawe mikono kabla ya kula.

Neno moja juu ya wale wa mwituni. Bata bukini wa Misri, mwenye rangi ya kahawia na doa la kahawia nzito kuzunguka jicho, huonekana penye maji mengi ya Kenya, na watu waendao kutazama ndege kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, hukutana naye. Yeye pia huwa mkali karibu na kiota, ila dawa yake ni kumwacha na nafasi yake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda. Tena, atazamaye bata kwenye Sabaki na atazame maji pia, kwa sababu huko kuna viboko, na kiboko hatishi kwa mchezo. Yuko na bata mwingine mkubwa wa Afrika, mweusi mwenye weupe tumboni, ambaye ana mwiba kwenye kiungo cha ubawa. Huyo, mbali na mwiba wake, hula wadudu wenye sumu, na sumu hiyo hukaa katika nyama yake, hata mlaji aweza kufa ingawa nyama imepikwa.

KAZI YA MWENYE NDEGE

Yote yaliyosemwa yanamhusu mpita njia, lakini sehemu kubwa ya amani iko mikononi mwa mfugaji. Yeye ndiye ajuaye siku jike alipoanza kuatamia, na ndiye awezaye kuhesabu siku zile 30. Kiota kisiwe karibu na njia. Kikiwa karibu, ajenge ua wa miti au wa makuti mpaka kiunoni, kwani bata bukini wa kufugwa ni mzito na hapendi kuruka. Dume mkali afungiwe saa za watoto kwenda na kutoka shuleni, na majirani waambiwe mapema. Jirani aliyeambiwa huchukua njia nyingine kwa mwezi mmoja bila chuki, ilhali jirani ambaye mwanawe ameumwa huenda kwa mzee wa mtaa, na kutoka huko kwa chifu, na kesi ya ndege huishia kuwa kesi ya njia, na kesi ya njia kuwa ya shamba.

Katika kumshika dume ili afungiwe, wengi huumia kwa kumvuta shingo au mguu. Afadhali mfugaji amwendee mikono ameitandaza, amsukume taratibu mpaka pembeni, azuie shingo kwa mkono mmoja penye shina lake bila kuibana, na kwa mkono wa pili akusanye mbawa zote mbili. Kisha ambebe kwapani, kichwa kikielekea nyuma ya mbebaji. Akibebwa hivyo hutulia, wala hawezi kufikia uso wa mtu. Watoto wa nyumba hiyo nao wakatazwe kumchokoza kwa fimbo kupitia matundu ya banda, maana chuki anayoipata hapo atailipa penginepo.

Vifaranga huota manyoya yao kamili katika majuma manane hadi kumi, na tangu hapo ukali wa dume hupungua kidogo kidogo. Mfugaji aweza kumfungulia kwanza wakati wa alasiri, wakati watoto wamekwisha kupita, akimwangalia kwa siku kadhaa mpaka aone kwamba watu wapitapo njiani anainua shingo tu na kurudia majani yake.