Taulo zinazochuna rangi ya gari

*Ninaosha magari Morogoro. Mteja analalamika gari lake jeusi limejaa mikwaruzo midogo, ilhali taulo nazifua kila siku. Nakosea wapi?*

Pole, ndugu yangu. Kufua unafua, shaka yangu ni pale unapoziweka. Nyuzi za maikrofaiba hunasa mchanga, na taulo ya rimu ikilala pamoja na ya bodi, vumbi la breki huhamia. Hilo ndilo linalochuna. Tumia rangi tofauti: za bodi, za rimu, za vioo, kila kundi na ndoo yake yenye mfuniko. Zifue bila dawa ya kulainisha nguo, uzianike kivulini mbali na barabara. Sponji za nta zikauke kabisa, zisiote ukungu. Taulo iliyodondoka chini isirudi kwenye bodi kabla ya kufuliwa. Mkwaruzo unaoshika ukucha, mpelekee fundi rangi.