Dondoo muhimu: Chombo chako cha kwanza cha muziki ukubwani

Tafuta mwalimu kabla ya kutafuta duka. Kwa mkazi wa huku Kifaru, mwalimu wa karibu mara nyingi yuko kanisani: mpiga kinanda wa kwaya au kikundi cha matarumbeta. Jifunze kile ambacho jirani yako anakiweza.

Gita. Anza na la nyuzi za nailoni. Za chuma huchubua ncha za vidole wiki za mwanzo, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Kama ni la mtumba, bonyeza kila uzi kuanzia karibu na kichwa hadi karibu na tundu. Ukisikia mkwaruzo, au uzi ukiwa juu mno ya shingo, usilipe. Kagua pia daraja, pale nyuzi zinapofungwa: likianza kubanduka, achana nalo. Na usiliache garini juani. Joto la huku tambarare hulegeza gundi.

Kinanda. Vibonye 61 vinatosha. Hakikisha kinatumia na betri, ili umeme ukikatika usipate kisingizio cha kukosa mazoezi. Faida yake kubwa: hakuna kukaza nyuzi.

Tarumbeta. Azima kwanza. Sauti inatoka midomoni, na mwanzoni majirani watavumilia mengi.

Marimba ya mkono. Mwanamuziki Hukwe Zawose wa Ugogoni aliipiga duniani kote, ila watu wazima wanaoanza huisahau. Unatumia vidole gumba tu. Ukitaka sauti ipande, sukuma ulimi wa chuma ndani kidogo, sehemu inayotetema iwe fupi.